Kwanini Bose na Sonos hawaandiki wati za spika zao? Tuongee kwanza kabla ya kuwaita matapeli

MkaaRedio (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Haipiti wiki bila mtu kuuliza humu saundiba gani achukue, ile spika ndefu ya kuweka chini ya TV. Akitajiwa Bose au Sonos anaenda kwenye tovuti yao, anatafuta wati, hazioni. Anarudi mbio: "Hawa jamaa wanaficha nini? Mbona sabufa ya Kariakoo imeandikwa wati kubwa kubwa mpaka kwenye boksi?" Nimechoka kujibu kipande kipande, acha nimwage yote sehemu moja. Wenye ujuzi mtaniongezea, wenye ubishi najua mpo.

Fungua ukurasa wa Sonos Era 100. Wameandika ina amplifaya tatu za daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi), twita mbili (spika ndogo za sauti nyembamba), wufa moja (ya sauti nzito). Wati? Kimya. Halafu fungua bidhaa yao nyingine, Sonos Amp, ile ya kuendeshea spika za kawaida zinazounganishwa kwa waya. Hapo wameandika bila kificho: wati 125 kila upande kwenye ohm 8 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme). Kampuni ni ileile. Kupima wanajua na kuandika wanajua. Wanataja wati pale ambapo wewe mnunuzi utazihitaji ili uoanishe amplifaya na spika. Pale ambapo ndoa imeshafungwa kiwandani, wanaona haikuhusu.

Na mimi nasema kwa upande wa wati peke yake, wako sahihi. Wati ni umeme unaoingizwa kwenye spika. Sauti inayotoka ni habari nyingine kabisa. Spika ya kawaida ya nyumbani haigeuzi hata asilimia moja ya umeme huo kuwa sauti, kinachobaki chote kinaishia kuwa joto kwenye koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika. Kinachokwambia spika inatumiaje umeme wake ni unyeti: ukiipa wati 1, ukasimama mita 1, unapata desibeli ngapi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti).

Chukua KEF LS50 Meta, spika ndogo inayosifiwa sana. Unyeti wake ni desibeli 85. Chukua Klipschorn, lile likabati la kona ambalo Paul Klipsch alilitoa mwaka 1946 na mpaka leo linatengenezwa. Lenyewe linatajwa kuwa na desibeli 105. Tofauti ni desibeli 20, na kila desibeli 10 ni umeme mara kumi. Maana yake sauti ambayo Klipschorn inaitoa kwa wati 1, LS50 Meta inaihitajia wati 100. Sasa niambie, ukiziweka dukani na kibandiko cha wati tu, mteja ataelewa nini? Atachukua ya wati 100 akijua ndiyo dume.

Mfano wa pili unaweza kuupigia hesabu mwenyewe. JBL Charge 5 imeandikwa wati 30 za wufa na 10 za twita, jumla 40. Betri yake ni ya wati-saa 27, na wanasema inapiga mpaka saa 20. Gawa 27 kwa 20. Unapata wati 1.35, tena hapo bluetooth na saketi zote zimeshachukua chao. JBL hawajadanganya popote. Zile 40 ni uwezo wa juu, muziki wa sauti ya kawaida hauzigusi.

Karibuni.

---

Kipaza

Nimeweka kigoda mbele kabisa. Ila mkuu waswahili walishamaliza: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana sabufa zina vibandiko mpaka mgongoni.

---

BishaTu

Kipaza acha hizo. Kama chema chajiuza, Bose wanamwaga hela zote zile kwenye matangazo za nini?

MkaaRedio umeandika vizuri ila umewapa hawa jamaa msamaha wa bure. Hoja yangu ni nyepesi. Ukifungua saundiba ya bei mbaya unakuta ndani spika ndogo ndogo za karatasi na aisii (chipu) ya amplifaya ambayo bei yake haistui mtu. Wakiandika wati, mteja atalinganisha na ya nusu bei yenye wati zilezile. Wasipoandika, hana pa kushika, atabaki kuamini jina. Hiyo ni biashara, msituletee fizikia.

---

FundiKoili

Mimi naongea kutoka mezani, vitu napasua kila siku.

Tuanze na hizi sabufa. Kibandiko cha mbele kinasema PMPO 8000W, eti nguvu ya kilele ya muziki. Geuza nyuma, kwenye kile kibati kidogo cha umeme: AC 220-240V, 50Hz, 60W. Namba ya kuamini ni ya nyuma, kwa sababu hakuna mashine inayotoa nguvu kuliko inayoingiza. Wati 8000 kwenye umeme wetu wa volti 230 ni kama ampea 35. Plagi zetu hizi za miguu mitatu zina fyuzi ya ampea 13, mwisho wake ni wati 3000 kasoro kidogo. Kwa hiyo ingekuwa kweli, siku ya kwanza ukiwasha fyuzi inalala. Na LUKU ungeiona inavyokimbia.

PMPO haina kanuni yoyote inayotambulika. Kila kiwanda kina hesabu yake: wengine wanachukua kilele cha nukta ya sekunde, wanazidisha kwa idadi ya spika, wanazidisha tena kwa bahati nasibu. Ndiyo maana jirani wa wati 8000 na jirani wa wati 12000 wana sauti ileile, na transfoma ndani ni ileile.

Sasa BishaTu, jiulize wewe una kiwanda cha kweli, spika yako ina wati 60 halali. Utaiweka rafu moja na ya 8000? Ukiandika 60 umeliwa. Ukiandika 9000 umekuwa mwongo mwenzao. Kunyamaza ni njia ya tatu.

---

BishaTu

Fundi hapo kwenye PMPO tuko pamoja, ule ni utapeli wa mchana. Lakini tusichanganye kamba za PMPO na wati za RMS, yaani za mfululizo. Mtu akiandika RMS kwa haki, namba ina maana.

Nikupeni ushahidi. KEF hao hao wana spika zenye amplifaya ndani. LSX II kila boksi wati 70 za wufa na 30 za twita, jumla ya mbili ni 200. LS50 Wireless II kila boksi 280 na 100, jumla 760. Ukipiga hesabu ya MkaaRedio, 760 dhidi ya 200 ni karibu desibeli 6. Na KEF wenyewe wameandika sauti ya juu kabisa: LSX II desibeli 102, LS50 Wireless II desibeli 108. Desibeli 6 kamili! Haya, wati hazina maana?

---

MkaaRedio

BishaTu umekuja na silaha safi, nakupa tano. Ila angalia umefanyaje. Umelinganisha ndugu wawili wa kampuni moja, muundo unaofanana, kipimo cha aina moja. Hapo wati zitafuatana na sauti. Na bado ulichotumia kuthibitisha ni zile desibeli. Zisingekuwepo, ungebaki na 760 na 200 tu na usingejua kama tofauti ni desibeli 6 au 2.

Halafu boksi lenye amplifaya ndani lina mambo mengine. Ndani kuna kompyuta ndogo inayopanga sauti. Boksi dogo halipendi besi, kwa hiyo kompyuta inaisukuma besi kwa nguvu ili ishuke chini. Kule chini kila desibeli 3 unayoongeza inadai umeme maradufu. Wati nyingi kwenye spika ndogo huenda ziliwekwa kwa ajili ya kulipia udogo wa boksi, wala hazitaongeza sauti. Wahandisi wana kanuni inaitwa sheria ya chuma ya Hofmann, yule Josef Anton Hofmann ambaye jina lake ndilo H katika kampuni ya spika KLH: besi ya chini, boksi dogo, unyeti mkubwa, chagua viwili, cha tatu usahau. Spika ndogo za siku hizi nyingi zimechagua viwili vya kwanza, na wati ndiyo bei ya kukikosa cha tatu.

Tena kuna kidhibiti kinachozuia koni, ile karatasi inayotikisika, isitoke nje. Unaweza kuwa na amplifaya ya wati 100 na kompyuta isiiruhusu kufika hata 30 kwenye besi. Ukiandika 100 umesema kweli, lakini kweli ya amplifaya. Spika haitaziona.

---

Mtwapa Kwetu

Hujambo nyote. Mimi niko Mombasa, si fundi, napenda tu taarab isikike vile ilivyoimbwa. Sasa mbona spika zisizo na amplifaya, zile za waya, huandikwa wati na hakuna anayelalamika? Nyumbani mzee ana pea imeandikwa "100W". Hiyo nayo ni uongo?

---

FundiKoili

Dada yangu hiyo si uongo, ila haisemi unachodhani. Spika ya waya haina nguvu yake yenyewe. Hiyo 100W ni onyo: usiniletee zaidi ya hapa nitaungua.

Na hata hilo onyo lina namna nyingi. Kanuni ya kimataifa IEC 60268-5 ina majaribio tofauti kwa spika hiyohiyo moja. Kuna la kuipigia kelele maalumu saa 100 mfululizo bila kuharibika. Kuna la dakika moja moja, mara kumi, ikipumzika dakika mbili katikati. Kuna la sekunde moja, mara sitini, ikipumzika dakika moja moja. Bila shaka spika itavumilia namba kubwa zaidi ile ya sekunde moja. Wamarekani nao wana yao, AES2 ya mwaka 1984, saa mbili. Namba zote hizo ni halali na zote zitaitwa "wati". Ukiona 100W imekaa peke yake bila kusema ilipimwaje, unabaki kukisia.

Nyongeza kwa faida ya wote: twita nyingi ninazobadilisha hazikuuawa na amplifaya kubwa. Mtu ana amplifaya ndogo, sherehe imekolea, anafungua sauti mpaka mwisho, inaanza kupasuka. Sauti iliyopasuka ina umeme mwingi wa masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, na huo unamwendea twita moja kwa moja. Mteja anakuja analalamika: "fundi, spika ni ya wati 100 na amplifaya ni ya 40, imeunguaje?" Namba alizisoma. Masikio yalikuwa yanamwambia toka mapema.

---

Mtwapa Kwetu

Ahsante kaka, nimeelewa. Mzee wangu hupandisha sauti mpaka ikoroma, leo nitamwambia.

---

Ughaibuni Mpole

Wakuu, niko Marekani, niongezee upande wa sheria maana nao una mkono wake hapa.

Miaka ya 60 na mwanzo wa 70 huku kulikuwa na vurugu ileile ya PMPO, kwa majina mengine tu: nguvu ya kilele, nguvu ya muziki, kila kampuni na yake. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ikaleta kanuni ya wati za amplifaya za nyumbani. Ukitaja wati, useme ni za mfululizo, kwenye ohm ngapi, masafa yapi, na upotoshaji (sauti kuharibika) kiasi gani. Kabla ya kupima, amplifaya ilitakiwa ipashwe moto saa nzima kwa theluthi ya nguvu yake, jambo lililowatoa jasho watengenezaji. Baadaye wakashusha ikawa moja ya nane. Mwaka 2024 wakakaza tena: ohm 8, kuanzia 20 Hz (besi ya chini kabisa) hadi 20,000 Hz (sauti nyembamba kabisa), upotoshaji chini ya asilimia 1. Ilianza kutumika Agosti mwaka huohuo.

Sikilizeni sasa. Kanuni inasema *ukitaja*. Haimlazimishi mtu kutaja. Spika ndogo ya rafuni, ambayo amplifaya ya twita haijawahi kuonana na 20 Hz tangu izaliwe, ikipimwa kwa kipimo hicho itaonekana kituko. Mwanasheria wa kampuni atashauri nini? Nyamaza. Kunyamaza hakuna faini.

Kuhusu Bose, ile ni hulka ya mwanzilishi. Amar Bose alikuwa mwanafunzi wa MIT alipojinunulia mitambo ya muziki mwaka 1956. Kwenye karatasi vipimo vilikuwa vizuri, masikioni hakuipenda. Akaingia kutafiti kwanini, na kampuni akaianzisha 1964. Ilipotoka Bose 901 mwaka 1968 ilikuwa na spika tisa, nane zimegeukia ukutani! Kampuni yenye asili ya namna hiyo kuona karatasi ya vipimo si kitu, sishangai. Nao wana wivu na jina lao. Mwaka 1970 jarida la walaji liliandika kwamba sauti ya vyombo kwenye 901 ilikuwa kama inatangatanga chumbani. Bose walishtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, wakashindwa mwaka 1984. Sehemu ya ugomvi ilikuwa kama sauti ilitangatanga chumbani au kandokando ya ukuta. Miaka kumi na minne wanabishania ukuta.

---

Kipaza

Nane zimegeukia ukutani 😂😂 Yaani unanunua spika wanufaike majirani.

---

BishaTu

Ughaibuni umenipa nondo, ubarikiwe.

Sawa, tufanye nimekubali kuhusu wati. Wati zinapotosha, kipimo cha sheria hakifai spika ndogo, na sokoni kuna waongo. Nimekubali yote. Sasa nijibuni hili: kwanini hawaandiki desibeli? Wangeweza kuandika "sauti ya juu kabisa desibeli kadhaa kwa mita 1", wangeandika na besi inashuka mpaka Hz ngapi. KEF wameweza. Kama wati ndiyo tatizo, leteni kipimo kizuri. Hakiletwi. Wameondoa kipimo kibovu na pale palipobaki wazi hawajaweka kitu, wameweka picha ya sebule nzuri na maneno "sauti inayojaza chumba". Chumba cha nani? Changu cha Tandale au cha mkurugenzi?

---

MkaaRedio

BishaTu hapa sina ubishi na wewe hata kidogo, na ndipo nilipotaka uzi ufike. Kunyima wati kunatetewa. Kunyima kila kitu hakutetewi na mtu.

Na hawawezi kusema njia za kupima hazipo. Kuna kanuni ya CTA-2034, iliyotokana na kazi ya Floyd Toole kwenye maabara ya taifa ya Kanada na baadaye kampuni ya Harman. Spika inapimwa pande zote kuizunguka, unapata mchoro mmoja unaoeleza sauti itakuwaje chumbani kwa karibu sana na wasikilizaji wanavyoipenda. Kwa sabufa kuna CTA-2010: inapigwa milipuko mifupi ya besi kwenye masafa mbalimbali, wanasoma desibeli ngapi zimetoka kabla upotoshaji haujavuka mpaka. Hicho ndicho kipimo ambacho sabufa zote zingekipitia, tungejua debe tupu ni lipi. Vifaa vya kufanyia vipimo hivi kampuni kubwa wanavyo, na matokeo nina hakika yako kwenye kompyuta zao. Hawatupi tu.

Kwa hiyo kwenye ile hoja yako ya kwanza, kwamba wanakwepa kulinganishwa bei kwa bei, naikubali kwa upande huu. Mhandisi ana sababu nzuri ya kutoandika wati. Mtu wa mauzo akaikuta hiyo sababu, akaipenda, akaitumia kufunga mlango mzima.

Nisisahau kusema wapo wanaoandika wati kwa heshima. JBL Boombox 3 imeandikwa wati 180 ikiwa kwenye umeme na 136 ikiwa kwenye betri. Kampuni inayokubali kuandika kwamba bidhaa yake inapungua ukiichomoa ukutani, mimi naiamini kidogo zaidi.

---

Kijana wa Vingunguti

Wakuu mimi nimesoma yote ila sijaambiwa ninunue nini. Chumba kimoja, sebule hapohapo, TV ya inchi 43. Nina uwezo wa saundiba ya kawaida. Nikiwa dukani nifanyeje kama wati haziniambii kitu?

---

FundiKoili

Dogo, kwa chumba kimoja saundiba yoyote ya kampuni inayojulikana itakutosha kwa sauti, kwa hiyo hangaikia usafi. Nenda na wimbo unaoujua kila kona, uwe kwenye simu yako, usikubali wimbo wa muuzaji maana wa kwake umechaguliwa. Sikiliza mazungumzo kwanza, taarifa ya habari au tamthilia, kwa sauti ndogo. Kama maneno hayasikiki vizuri kwa sauti ndogo, achana nayo. Kisha pandisha mpaka robo tatu. Sikiliza besi: ikibaki ileile huku sauti ya juu ikiendelea kupanda, kidhibiti kimeshafika mwisho, zaidi ya hapo utapata makelele tu. Ikianza kukoroma, rudisha rafuni.

Geuza nyuma usome kile kibati cha umeme. Hakitakwambia sauti yake, ila kitakwambia kama kibandiko cha mbele kinakudanganya. Na muulize muuzaji kama rimoti na spea zinapatikana, hilo watu huwa hawaulizi kabisa.

---

Kijana wa Vingunguti

Shukrani fundi. Muuzaji akikataa nisijaribu na simu yangu je?

---

FundiKoili

Maduka yako mengi. Vuka barabara.

---

BishaTu

Na ukivuka, usiingie lile lenye spika ya PMPO imewekwa mlangoni inaita wateja. Hapo hata simu yako hutaisikia ikiita.